Kabla hujanunua shokabu, tafuta kwanza mlio unatoka wapi

Ndugu zangu madereva, makanika wenzangu, wazee wetu mlioendesha hizi barabara za Tororo, hapa Uganda, tangu wengine wetu hatujazaliwa, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi kwenye magaraji ya hapa na kule Malaba na Mbale, asanteni sana kwa kuja. Najua gari ikisimama na pesa imesimama, kwa hivyo sitazunguka.

Nimekuja na jambo moja tu. Gari ikitoa mlio wa kugonga kwa chini, usinunue kitu mpaka umeshika kwa mkono wako kile kinachogonga. Basi. Mengine yote nitakayosema ni njia za kufika hapo.

Manake tunavyofanya sasa hivi ni hivi: mtu anasikia mbele inagonga ko-ko-ko, anakuja garaji anasema "fundi shokabu zimekwisha", na fundi naye badala ya kuuliza anasema eeh zimekwisha, wanaenda dukani, wananunua mbili, zinafungwa, mteja analipa, anatoka getini anafika tuta la kwanza, ko. Iko palepale. Anarudi, wanabadilisha boljointi, ile jointi ya duara inayoshika gurudumu kwa chini. Iko. Wanabadilisha tairodi, kile chuma kinachosukuma gurudumu ukikata stelingi. Iko. Mwisho wa mwezi yule mteja, tuseme ni mama mwenye kiduka chake, amemaliza akiba yake na kitu kilichokuwa kinagonga ni linki moja ya stabilaiza, kifimbo kidogo chenye boli huku na huku, bei yake haifikii hata robo ya shokabu moja. Hii inaniuma kweli, manake yule mama hatatuamini tena, na ana haki.

Hebu tuanze na hii shokabu yenyewe kwa sababu ndiyo inasingiziwa kila siku. Gari inabebwa na springi. Springi peke yake ukiibonyeza inarudi, inaruka, inarudi tena, haina breki. Kazi ya shokabu ni kuituliza ile springi, kwa kusukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo vya ndani. Kwa hivyo shokabu iliyokufa dalili yake ya kwanza si kugonga. Gari inaelea, ukivuka tuta inaendelea kunesa mara mbili tatu, ukishika breki pua inainama sana, tairi zinaliwa kwa mabonde mabonde ukipitisha kiganja unasikia. Na utaona oili imetiririka mpaka chini, si ule unyevunyevu kidogo tu juu, ule unyevu kidogo ni kawaida na usimtishe mtu nao. Shokabu inaweza kugonga, sikatai, nati ya juu ikilegea au raba ya maunti, pale juu inapofungwa kwenye bodi, ikikatika au ikiwa imekufa kabisa ndani, lakini kwenye orodha ya washukiwa wa kugonga mimi siiweki ya kwanza hata siku moja.

Sasa dereva. Wewe dereva ndiye mwenye nusu ya majibu, kwa sababu unakaa na ule mlio kutwa nzima na fundi anausikia dakika tano. Kabla hujaja kwangu toa kila kitu kwenye buti. Jeki, spana, jerikeni, tairi ya akiba kama haijakazwa, vyote toa. Kisha kaza nati za magurudumu, manake gurudumu lililolegea linagonga vilevile na hilo halisubiri fundi, linaua. Halafu nenda barabarani, polepole, redio zima, vioo teremsha.

Tafuta tuta moja zuri lenye upana wa barabara yote. Lipande wima, magurudumu mawili ya mbele yapande pamoja. Sikiliza. Rudi, lipande mshazari, gurudumu moja litangulie. Sikiliza tena. Kama wima inanyamaza na mshazari inagonga, umeshapunguza kazi sana, hapo angalia stabilaiza na linki zake. Sababu ni hii: ile stabilaiza ni chuma kirefu kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari isilale kwenye kona, magurudumu yakipanda yote pamoja chuma kinazunguka tu kwenye bushi zake, zile raba zinazokishika, hakifanyi kazi yoyote, lakini likipanda moja mwenzake hajapanda, chuma kinajisokota na linki zinavutwa, na linki iliyokwisha ndiyo inapiga kelele hapo. Ndiyo maana pia ile kelele inasikika sana kwenye vishimo vidogo vya mwendo wa pole, lami iliyochubuka, barabara ya maramu isiyo na lami ya kuingia nyumbani, lakini ukifika barabara kubwa ukikimbia huisikii.

Jaribu lingine: pita kwenye vile vituta vidogo vya mfululizo wanavyoweka kabla ya senta, kisha pita tena mguu ukigusa breki kidogo sana. Ukigusa na kelele ikakatika, hiyo si sasipenshoni, yaani springi, shokabu na vyuma vinavyobeba magurudumu, ni pedi za breki zinacheza au pini za kalipa, ile inayobana pedi, zimekwisha. Nimeona watu wamefungua mbele yote kwa ajili ya kiklipu cha pedi ambacho hakikurudishwa.

Gari ikiwa imesimama, injini inawaka, zungusha stelingi mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia. Ukisikia springi inaruka, ile sauti ya waya mzito uliovutwa ukaachiwa, hiyo ni beringi ya maunti ya juu imekwama, springi inajisokota halafu inaachia. Kama ni tak-tak-tak wakati unakunja kona huku umekanyaga mafuta, hiyo ni sivii jointi, jointi ya ekseli inayozungusha gurudumu, achana na sasipenshoni.

Halafu mbele na nyuma. Mahali tambarare, sogea mita moja, breki, rudi mita moja, breki. Ikisema "tok" moja kila ukibadilisha mwelekeo, shuku bushi za aamu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Lakini ngoja, kanyaga breki gari isisogee kabisa, tia D, tia R. Ikisema tok hapo na gari haijasogea, basi anza na mauntini za injini na gia, zile raba zinazozishikilia. Unaona? Hujashika hata spana na tayari umeokoa pesa.

Na ile ya kulia kwi-kwi-kwi asubuhi kavu halafu mvua ikinyesha inanyamaza, hiyo ni raba. Chukua chupa ya maji, mwagia bushi moja, bonyeza gari. Haijanyamaza, mwagia nyingine. Ile ikimwagiwa na mlio ukapotea kwa dakika moja, umeipata. Maji ya bomba tu, hayagharimu kitu. Lakini tafadhali msimwagie dizeli wala oili chafu. Kuna washing bei, pale tunapooshea magari, zinapuliza oili chini ya gari ati isipate kutu, na mteja anafurahi kwa sababu kelele inatulia siku mbili, lakini raba ya kawaida na oili ya petroli ni maadui, inavimba, inalainika, inapasuka, na baada ya muda ile bushi iliyokuwa inalia tu sasa inagonga.

Haya, sasa makanika wenzangu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tunapokosea.

Kwanza, mlio unasafiri kwenye bodi. Dereva atakuambia kulia na ni kushoto, ataapa kwamba ni mbele na ni nyuma. Msikilize lakini usimfuate kipofu. Mkono hausemi uongo. Weka kiganja kwenye linki, mwenzako abonyeze kona ya gari juu chini, ile inayogonga utaisikia kwenye vidole kabla ya masikio. Shika tairodi, mwenzako atikise stelingi kidogo tu kushoto kulia. Vidole visiingie katikati ya springi, kamwe. Kama huwezi kufika kwa mkono tumia kipande cha mpira wa maji, upande mmoja sikioni upande mwingine karibu na jointi, unashangaa inavyosema.

Pili, namna unavyoinua gari inabadilisha majibu, na hili wengi hatulijui. Chukua linki ya stabilaiza. Ukipiga jeki gurudumu moja tu, lile linaning'inia na mwenzake liko chini, kwa hivyo stabilaiza imejisokota na linki imevutwa kwa nguvu, ukiitikisa imekaza, unasema nzima. Si nzima. Imefichwa. Ikague gari ikiwa juu ya shimo la garaji na magurudumu yote yamekanyaga, au inua pande zote mbili sawasawa yaning'inie pamoja. Ukiwa bado na shaka, fungua linki zote mbili, zifunge pembeni zisiguse kitu, endesha taratibu hapo mtaani. Kelele ikipotea, ni linki au ni bushi za stabilaiza, hakuna lingine. Ila usimwachie mteja aende hivyo Mbale, gari bila stabilaiza inalala vibaya kwenye kona.

Boljointi nayo ina siri hiyohiyo. Hizi gari ndogo zetu nyingi, Premio, Wish, Spacio, Raum, mbele zina shokabu ya MacPherson, yaani ile springi na shokabu vimekaa pamoja wima, muundo wa injinia Mmarekani Earle MacPherson wa miaka ya 1940, Ford Consul ya Uingereza ikatoka nao mwaka 1950 na leo karibu kila gari dogo linautumia. Kwa muundo huo uzito wa gari haupiti kwenye boljointi ya chini, kwa hivyo piga jeki kwenye chesisi, gurudumu lining'inie, ingiza mtaimbo kati ya aamu na kile chuma kinachobeba gurudumu, nyanyua kidogo kidogo. Ukiona kwa macho inacheza juu chini, toa, usijadiliane nayo. Lakini gari ambayo springi imekalia aamu ya chini, ukipiga jeki kwenye chesisi springi inaisukuma boljointi inakaza, hutaona kitu. Hiyo piga jeki chini ya aamu yenyewe, karibu na gurudumu, ndipo mzigo unatoka kwenye jointi. Na kila mara stendi chini ya gari kabla hujaingiza kichwa. Jeki inanyanyua, haishikilii.

Ukishika gurudumu juu na chini ukalitikisa na linacheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Likiacha kucheza ni beringi, likiendelea ni boljointi. Kushika kushoto na kulia kunakupeleka kwenye tairodi na jointi ya ndani ya raki ya stelingi. Beringi ikikwisha mara nyingi haigongi, inavuma, na uvumo unapanda na spidi, ukikunja kona unabadilika kwa sababu uzito umehamia upande mwingine.

Nataka mnisikie vizuri kwenye hii boljointi. Linki ikikatika utapata kelele na gari italala kwenye kona. Bushi ikikatika gari itavuta upande na tairi zitaliwa. Boljointi ikichomoka gurudumu linakunjika, gari inakaa chini kwa chuma, na hakuna stelingi tena. Ukiwa unatoka parking ni bahati. Ukiwa kwenye mteremko na abiria nyuma, na lori la simiti linakuja mbele, hakuna dereva hodari wa kuiokoa hiyo. Angalia kile kimpira chake, kikipasuka grisi inatoka na vumbi la maramu linaingia, na vumbi lile ndani ya jointi linasaga chuma usiku na mchana. Kimpira kimepasuka leo, anza kutafuta pesa leo. Na wale wanaoigonga boljointi kwa nyundo kwa pembeni ili ikaze imalize wiki, nawaomba tuache. Ukiiweka mpya, kota pini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, iwe mpya. Ile ya zamani iliyonyooshwa mara mbili inakatika, na bei yake si kitu.

Tatu, na hili ndilo linalofanya bushi mpya zife haraka watu wakilaumu Uchina. Bushi ya aamu si kitu kinachozunguka kama beringi. Raba imegandishwa kwenye chuma cha nje na kwenye bomba dogo la ndani, boli likikazwa lile bomba la ndani linabanwa halisogei, na aamu ikipanda na kushuka ni raba yenyewe inajisokota kidogo huku na huku. Sasa sisi tunafanya nini? Gari iko juu ya stendi, aamu zimening'inia, tunafunga aamu, tunakaza boli mpaka mwisho, tunashusha gari. Hapohapo aamu imepanda, raba imesokotwa hata kabla gari haijatembea, na itakaa imesokotwa hivyo siku zote, gari ikilala parking inasokotwa, ikipanda tuta inasokotwa zaidi. Lazima ichanike. Tia boli kwa mkono tu, shusha gari ikanyage magurudumu, ibonyeze mara kadhaa itulie, ingia shimoni, ndipo ukaze. Huna shimo? Kabla hujafungua kitu pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, andika. Ukimaliza kufunga inua aamu kwa jeki mpaka kipimo kirudi kilekile, halafu kaza. Dakika kumi zaidi, na bushi itaishi miaka.

Nyinyi wa kamunye, zile basi ndogo za abiria, nyuma kwenu ni springi za vyuma bapa vilivyopangwa, mambo yake ni machache. Angalia kama bapa moja limevunjika, angalia bushi za ncha zote mbili, angalia senta bolti inayoshika bapa pamoja, na zile yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zikifunguliwa na kufungwa lazima zikazwe tena baada ya kutembea kilomita mia chache, manake vyuma vinakaa mahali pake na nati inalegea. Yu-bolti iliyolegea inafanya ekseli isogee, gari inakwenda upande kama kaa. Na ile gari imepewa leseni ya abiria 14. Ukipakia 20 na magunia ya mihogo juu, mimi hakuna bushi nitakayokufungia ikadumu.

Kuhusu spea. Sheria yetu ya barabarani iliporekebishwa mwaka 2018 ilizuia kuingiza gari iliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Sawa, lakini hata ile ya miaka kumi na mbili inayoshuka leo kutoka Japani raba zake zina miaka kumi na mbili, hata kama dashibodi inasema kilomita elfu arobaini. Raba inazeeka kwa miaka na joto, si kwa kilomita peke yake. Kwa hivyo gari mpya kwako ni ya zamani kwa bushi zake, zikague kabla hujakabidhi pesa. Kwa sababu hiyohiyo mimi sipendi kununua bushi au boljointi iliyotolewa kwenye gari lingine, hata ukiniambia ni ya Japani yenyewe. Springi ya mitumba sawa, aamu ya chuma isiyopinda sawa. Raba na jointi nunua mpya, na pale Kisekka, soko la spea la Kampala, au hapa kwetu chukua kitu chenye kimpira kimekaa vizuri, jointi ukiizungusha kwa mkono iwe nzito na laini, ikiwa inacheza kabla hata ya kufungwa rudisha. Shokabu badilisha mbili za ekseli moja pamoja, moja mpya na moja kuukuu zinaivuruga gari. Na ukigusa tairodi au aamu, kamalizie kwa wili alaimenti, kunyoosha magurudumu, ndiyo, ni pesa, lakini tairi ni pesa zaidi.

Sasa neno kwa wenye magari, na nalisema mbele ya makanika wenzangu bila kuficha. Mmetuzoesha kulipwa kwa kufunga spea. Fundi akikaa saa moja na gari yako, akaendesha, akasikiliza, akaingia shimoni, akakuambia ni linki moja tu, mnampa elfu tano ya soda. Akikuambia shokabu nne anapata ya kufunga na dukani anapata kidogo. Mnaona tunamsukuma wapi huyu kijana? Lipeni kutafuta. Mwambie fundi, nakulipa saa yako ya kutafuta hata kama hatutabadilisha kitu, halafu nionyeshe kwa macho kinachocheza kabla hujakitoa. Na wewe fundi mwite mteja, mpe mkono wake ashike, asikie mwenyewe. Spea ya zamani mpe aende nayo. Ukimaliza mpeleke kwenye tuta lilelile alilolalamikia, mshazari, vioo chini, yeye akiwa ndani.

Ile Noah pale nje iko juu ya stendi, mbele zote mbili zimening'inia na mwenyewe ametuachia mpaka saa nane. Linki ya kushoto imekwisha, ya kulia nzima. Tutaanza kwa kushusha upande mmoja ukanyage chini, mtikise ile mbovu muone inavyojifanya nzima, kisha tunapandisha tena pande zote mbili mtikise mara ya pili. Vijana waje wa kwanza, wawili wawili, na mwenye pete avue.